Nililiosha gari la umeme la wanafunzi, kesho yake lilikuwa na mashindano

Wakuu, heshima zenu. Nianze na ujinga wenyewe msichoke kuusubiri: nililiosha gari la umeme kwa mpira wa maji na sabuni ya unga. Humu hakuna chumvi, natamani ingekuwepo.

Mimi ni Mkenya, nipo Bugolobi, Kampala, miaka mingi. Form four ninayo. Ni mtu wa nyumbani kiasi kwamba boda wa stage yetu wananijua kwa sauti ya simu tu.

Wanafunzi wanne wa chuo waliniomba gereji yangu, iko tupu maana gari sina. Walikuwa wanaunda kigari cha mashindano, cha kiti kimoja. Kiongozi wao, Nakato, ndiye dereva. Alikuwa mwaka wa mwisho, na akishamaliza chuo haruhusiwi tena kushindana. Nafasi yake ilikuwa hiyo moja.

Gari lilishakimbia. Zilizobaki zilikuwa kazi za kulinyoosha: kaza hiki, toboa kile, punguza uzito. Nakato alinyoa hadi nywele. "Uncle, hata hizi ni mzigo."

Siku moja kabla ya mashindano, wakaenda Katwe kwa mafundi wa vyuma kuchomelea bracket ya kushikilia breki. Gari wakaliacha limejaa vumbi la chuma.

Sasa wakuu, gari likienda safari au harusini si linaoshwa kwanza? Nikaona aibu watoto wetu kwenda mbele za watu na uchafu ule. Nikavuta mpira.

Niliosha vizuri, hilo mnipe. Hadi chini ya kiti.

Chini ya kiti ndiko ilikokuwa controller, lile boksi linalopeleka umeme wa betri kwenye mota. Walikuwa wamelifungua wabadilishe mpira wa kuzuia maji, wakalifunika kwa kitambaa tu.

Kitambaa nikakifua. Nikakianika.

Waliporudi nimesimama getini kama bwana harusi. Nakato akatazama sakafu iliyolowa.

"Uncle, umefanya nini?"

"Nimewaogeshea mtoto."

Wakakausha kwa feni, wakaazima na dryer ya jirani yangu Hajati, Mnubi mwenye saluni. Walipowasha, kikatoka kimoshi chembamba, basi. Boksi lile liliagizwa nje, na Kampala hakuna lingine.

Mashindanoni walienda kutazama. Wenzake waliniambia Nakato alivaa ovaroli yake ya dereva, akakaa nayo kwa watazamaji mpaka jioni.

Alipomaliza chuo alikuja kuniaga. Akapiga magoti, kama mabinti wa Kiganda wanavyosalimia wakubwa. "Webale, uncle, kwa gereji." Asante, yaani. Nikaenda kumwambia Hajati kwamba yameisha, mtoto amenisamehe.

Nilichojifunza: kabla hujamsaidia mtu, muulize. Ni swali fupi, nami siku ile nilikuwa na muda tele.

Wenye mawe karibuni hapo chini, ila mpange foleni nyuma ya Hajati. Yeye alinijibu bila hata kuacha kumsuka mteja:

"Jirani, magoti alifundishwa na mama yake. Kukusamehe, hajakusamehe."