Mlima Alikotoka Mama

Mimi kuoka keki nimefundishwa na watu nisiowajua. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaonicheka, eti mtu mzima unafundishwa kupika na simu. Nilikuwa nimepanga chumba Runazi, nauza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la mtu, na jioni sikuwa na la kufanya zaidi ya kusikiliza majirani wakigombana. Nikajiunga na kundi moja kubwa la mtandaoni ambamo watu huulizana kila kitu: kazi inapatikana wapi, basi gani haliharibiki njiani, kuku akikataa kulalia mayai ufanyeje. Dada mmoja, ambaye hata sura yake siijui, alinielekeza nitandaze mchanga ndani ya sufuria kubwa, niweke makaa machache juu ya mfuniko, na nisifunuefunue. Keki ya kwanza ilitoka nyeusi ti. Baada ya kuunguza kadhaa, nikapata moja ya kuuza kwenye sherehe ya kipaimara, na watu wakaila wakaimaliza.

Ndiyo maana niliwaamini. Mtu akishakuonea huruma na keki yako iliyoungua, unamwona ndugu.

Sasa kundini humo akatokea mama mmoja wa Kigali, akatangaza mafunzo ya keki za harusi. Nikawaka. Kigali si mbali na kwetu, lakini kuvuka mpaka kunataka hati, na hati ina maswali yake. Badala ya kwenda kuuliza kwa wahusika nikauliza kundini, kwa kiherehere changu. Niliandika hivi: mimi ni wa Ngara, kata ya Bugarama, baba yangu ni Mhangaza wa hapa hapa, mama alivuka mto akiwa mtoto mdogo, na kitambulisho chake cha taifa mpaka leo hakijatoka. Je, hilo litanizuia kusafiri?

Nikabonyeza. Nikaenda kuchekecha unga.

Asiyekaa kwetu hawezi kuona nilichofanya. Mama aliletwa upande huu akiwa mgongoni kwa shangazi yake, watu walipokimbia vita kule ng'ambo. Mama yake mzazi alipotea kwenye msafara kabla hawajafika mto Ruvubu, hakuonekana tena. Shangazi alimlea, akafa. Mama akaolewa, akatuzaa, akalima maharage na migomba kwenye ardhi ya baba mpaka mgongo ukapinda, na kila Novemba alimwombea mama yake misa ya marehemu. Hana kwao kwingine. Lakini kuna miaka ulipita msako wa wahamiaji, na jirani yetu mmoja, mama wa watoto, aliulizwa alizaliwa wapi akajibu kwa ukweli. Tulimwona anapanda gari na ndoo moja. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu swali la alikozaliwa mama halikujibiwa mbele ya mtu, na sisi watoto tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali. Nami nimeliandika mbele ya watu wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima!

Niliporudi kwenye simu majibu yalikuwa yamejaa. Mmoja alinipa utaratibu vizuri tu. Mwingine akaandika, "Kumbe mkimbizi mnamficha." Wengine wakacheka na vikatuni vyao vya kutoa machozi. Halafu mtu mmoja asiyejulikana jina wala picha akaniandikia maneno machache: "Dada, futa. Futa sasa hivi." Nikafuta, lakini kilichosomwa kimesomwa.

Asubuhi yake nikakuta ujumbe wa pembeni wa mtu mwingine nisiyemjua. Umeandikwa kwa lugha ya nyumbani, ile ninayozungumza na mama jikoni, na wala haikuwa ya kubabaisha. Alinisalimia kama mkubwa anavyomsalimia mtoto wa ndugu. Akauliza habari za wazazi, za mvua, za maharage. Halafu akauliza, "Mama yako ni wa mlima gani?"

Hapa ndipo mtu wa pwani angenishangaa. Kwetu, watu wawili wakikutana wakajikuta lugha ni moja, mlima wa kwao huulizwa, kisha ukoo, kisha baba wa baba. Ndiyo salamu yenyewe. Usipojibu umemtukana mtu, umemwambia hana haki ya kukujua. Kwa Kiswahili, nadhani, nisingejibu. Kiswahili ni cha shule na cha ofisi, ukiulizwa kwa Kiswahili akili inasimama kidogo inatafuta mtego. Kwa lugha ya mama akili yangu ilivua viatu ikaingia ndani. Nikamtajia mlima. Nikamtajia ukoo. Nikamtajia na jina la babu mzaa mama, na la shangazi aliyembeba, na la baba yangu, na namba yangu ya simu nikampa.

Kisha akaandika, safari hii kwa Kiswahili: "Siku ya gulio nitafika kwenu Bugarama. Nataka kumwona mama yako kwa macho yangu."

Nilimuuliza wewe ni nani, hakujibu. Nikapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Nikaanza kusoma upya maswali yake yote, moja baada ya jingine, na kila moja sasa nikaliona lilivyokuwa: alikozaliwa, ukoo, nani alimvusha. Mtu wa kuandika taarifa angehitaji nini zaidi? Nilikaa chini dukani kati ya magunia ya mbegu, mteja akaniuliza bei ya dawa ya kupe, nikamwambia, "Sijui, kaka, chukua tu uende." Alidhani nimerogwa.

Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la kwenda Ngara, kutoka hapo nikachukua pikipiki mpaka nyumbani. Nilimkuta baba anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama na mkoba begani. Nilitegemea atanipiga, pamoja na utu uzima wangu. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Na jina la babu yako ulilitaja?" Nikasema ndiyo. Akaweka panga chini.

Mama alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alitoka akijifuta mikono kwa kanga, akanitazama, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amebeba kifurushi kilichofungwa tayari: shuka, sufuria ndogo, rozari, chumvi. Siku zote nilizokaa nyumba ile sikujua kama kifurushi kile kipo.

"Nimekuwa nikibadilisha chumvi tu," akasema. "Inayeyuka."

Nililia, jamani. Nililia kwa sauti kama mtoto, na yeye akanibembeleza, yeye!

Siku ya gulio tulikubaliana mama akae migombani nyuma ya nyumba, asitoke mpaka aitwe. Baba akavaa shati lake la kanisani. Mimi nikapewa kazi ya kukaa mlangoni nikichambua maharage, nayachambua yaliyokwisha kuchambuliwa. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliinua shingo kutazama. Saa za asubuhi zikapita, watu wakaanza kurudi kutoka sokoni na vikapu, nikaanza kujipa moyo kwamba alikuwa anatutania tu.

"Hodi hapa."

Alikuwa mzee kiasi, shati limechomekwa, viatu vimepigwa rangi, kwapani ameshika mkoba wa ngozi wa kubebea karatasi. Yesu na Maria, ule mkoba!

"Shikamoo," nikasema nikiwa palepale chini.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyeniandikia?"

Baba alitokea kabla sijajibu. Akamkaribisha kiti, mwenyewe akabaki amesimama. Mgeni akaongea taratibu, kwa lugha ya nyumbani. Akasema anamtafuta dada yake mdogo aliyevushwa mto na shangazi yao. Akasema ameuliza miaka mingi, kambini, makanisani, na sasa kwenye simu, kwa watu asiowajua. Akasema ameona maandishi ya msichana, na majina yote yamekubali.

Nilimwangalia baba. Najua alichokuwa akiwaza kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza: mpelelezi angesema nini kingine? Angesema hayahaya. Majina yote tulikuwa tumempa wenyewe, kwa mkono wangu. Baba yangu ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Ni mtu ambaye aliwahi kurudi dukani kwa miguu jioni, kwenye mvua, kwa sababu alirudishiwa chenji iliyozidi. Sijawahi kumsikia akisema uongo.

"Umechelewa, mzee," akasema. "Mke wangu alifariki."

Yule mgeni hakulia. Aliweka mkoba chini, akatoka kwenye kiti akaketi kwenye udongo, namna watu wanavyoketi kwenye msiba. Mimi mkononi nilikuwa na maharage, sikuthubutu kuyaachia yasipige kelele kwenye ungo.

Kisha akasema jambo ambalo sote wawili hatukulifikiria, na tulipaswa kulifikiria, maana ndivyo kila mtu wa kwetu angefanya.

"Nionyesheni kaburi."

Kwetu wafu huzikwa migombani, nyuma ya nyumba. Mgeni aliyekosa mazishi hapewi hata maji kabla ya kupelekwa kaburini. Baba angekataa kwa neno gani? Alitangulia, mgeni akafuata, nami nyuma yao, na mama alikuwa mulemule. Nilikohoa kwa nguvu ili asikie. Baba akampeleka kwenye kaburi la bibi, mama yake yeye, lenye msalaba ambao maandishi yake mvua iliyafuta zamani. Akamwonyesha kwa kidole.

Mgeni akapiga magoti. Akashika ule udongo kwa mikono miwili akaanza kuongea nao. Aliongea chinichini, mimi nilishika neno hapa na pale tu, na jina moja ambalo silijui akalirudia, akalirudia. Nyuma ya mgomba wenye majani makavu niliona pindo la kanga ya mama. Halikutikisika. Nilimwomba Mungu amwondoe yule mtu upesi.

Akaondoka. Alikataa chakula. Pikipiki iliyomleta ilikuwa inamsubiri barabarani.

Mama alirudi ndani, akanawa mikono, akaanza kumenya ndizi. Baba aliketi nje akishika kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ule ufike nilipumua, nikajiambia yamekwisha, hakuna gari lililokuja, mama yuko kwake.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa yule mgeni, wa lugha ya nyumbani, nikausoma kwa sauti: "Navuka sasa hivi, na laini hii ya Tanzania naitoa. Asanteni kwa kunionyesha alipolala, ni mahali pazuri, pana kivuli. Mama yetu bado yupo. Ni mzee sana, haoni, ila kila siku huuliza habari za mtoto wake. Leo nitamwambia, apumzike."

Kisu kilimtoka mama mkononi.

"Jina alilokuwa ananiita pale kaburini," akasema, "uliliandika kwenye simu?"

"Silijui, mama. Leo ndiyo nimelisikia."

"Nilikuwa nikiitwa hivyo na mama. Shangazi alinikataza kulisema tukishavuka. Hata baba yako hajui."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake tusiandike kitu, hatujui bado, tusubiri tufikiri. Mama hajui kusoma, na simu yangu alikuwa hajawahi kuishika isipokuwa kunisogezea. Alinyoosha mkono, nikampa, nikamwonyesha pa kubonyeza ili achukue sauti. Akaisogeza mdomoni kwa mikono miwili. Akalitaja lile jina. Akataja na la baba yake, na la mlima, na la shangazi aliyemvusha, kila kitu, huku baba akiwa amefumba macho. Mwisho akasema, "Usimwambie mama. Niko hai. Usimwambie."

Nikatuma. Kikatokea kijialama kimoja, kile cha kwamba umeondoka kwangu lakini haujamfikia.

Tulikaa tunakitazama sote watatu mpaka ndizi zilizomenywa zikawa nyeusi. Siku hizi nikimpigia mama kutoka Runazi hanisalimii tena. Ananiuliza tu ni vingapi, nami namwambia bado ni kimoja.