Maharagi ya Mukwe Wangu

Bale tulikuwa mu nyumba siku ile: mimi, binti yangu Ngoie, aliyezaa juzi, bwana yake Ilunga, mwenye kufundisha hesabu kule chuo kikuu cha Kasapa, na mukubwa wake wa kazi, sitoyene profesere Mutombo (sitoyene ni mwananchi, ndivyo tuliitana wakati ule), aliyekuja kuamua kama kazi ya Ilunga itaendelea ao itasimama.

Kwetu mama-mukwe na mukwe habaonane uso. Nikitaka kitu kwa Ilunga, namupitia Ngoie, na asubuhi ile Ngoie alikuwa amelala na mutoto. Mugeni hawezi kurudi na njaa. Niliona besani mbili za maharagi ku veranda, meupe na mekundu. Nikachanganya, nikapika na mawese.

Basi banakula, nami niko jikoni nyuma ya rido, pazia la mulango, nasikia mukwe wangu anaeleza:

"Ndani ya mufupa muko mbegu za damu. Mbegu inajigawa: moja inabaki mbegu, ingine inaenda kuwa damu. Zikienda nyingi, mbegu zinakwisha. Hesabu yangu inatafuta kipimo."

Moyo wangu ulijaa. Mutoto wa bantu anahesabu kitu chenye hakionekane.

"Nionyeshe," profesere akasema.

"Nilizipanga na maharagi, ku veranda. Meupe ni mbegu, mekundu ni damu."

Viti vikasogea, miguu ikaenda ku veranda, ikarudi. Kisha Ilunga akasimama ku mulango wa jikoni, uso ameugeuzia ukuta kwa heshima.

"Mama, samahani. Yale maharagi..."

Nikafunika uso na kitenge, nikaonyesha nyungu kwa mwiko.

Profesere akarudi ku meza, akaangalia sahani yake. "Ilunga, tumekula mbegu zote. Hesabu yako inasema nini?"

"Mwili unakufa, sitoyene profesere."

"Basi iko sawa. Endelea."

Nyumba yote ikacheka. Nani alicheka wa kwanza? Nasema ni profesere. Kama nimekosea, munisahihishe.