Uso wa Kokeshi

Saa saba na dakika ishirini mchana, siku ya Ijumaa, nilirudi kutoka msikitini nikamkuta mama anakunja mswala katika chumba changu cha kazi, hapa Wembley. Mwanasesere niliyemwacha dirishani ili wino ukauke hakuwa na uso.

Alikuwa kokeshi, mwanasesere wa Kijapani wa kukerezwa kwa mbao: kichwa cha mviringo, kiwiliwili kama chupa, hana mikono wala miguu. Ufundi huo nilijifunza mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu mbao nyingi. Huyu alikuwa wa kwanza kupata mnunuzi. Mteja wangu, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa na sasa anaishi Stanmore, aliniletea kipande cha mti wa cheri aliokuwa ameupanda marehemu mumewe, ukaangushwa na upepo. Kipande kilikuwa kimoja tu. Nilikikausha miaka miwili, nikakikereza hadi mistari ya asili ya mbao ikamzunguka mwanasesere kama nguo aliyojifunga. Kiwiliwili sikukipaka kitu. Nilichora uso peke yake. Mteja angekuja saa tisa.

"Mama, uso uko wapi?"

"Nimeusugua kwa msasa wako. Nisali huku sanamu inanikodolea macho?"

"Si ungemgeuza tu?"

"Nilimgeuza. Nikajua bado yupo."

Nilikaa. Nikajiambia nitachora upya, bado kuna muda. Nilipokishika kichwa, vidole viliteleza.

"Nikampaka na mafuta ya nazi," alisema mama. "Alikuwa amekauka, maskini."

Mbao iliyokunywa mafuta haishiki wino, na kuyafuata mafuta kwa msasa kungekimaliza kichwa chote.

Mteja alifika saa tisa. Nilimkabidhi tu mwanasesere. Alimgeuza huku na huku. Mama akanitangulia kueleza:

"Uso nimeutoa mimi, bibie. Ulikuwa ukinitazama nikisali."

"Kwangu mimi miungu yote ina macho, mama."

"Basi wewe umeshazoea."

Mteja hakucheka. Alipitisha kidole gumba juu ya mistari ya mbao, kutoka shingoni hadi chini, polepole, kisha akamfunga mwanasesere ndani ya skafu yake.

"Mti ni wa mume wangu, siuachi hapa," aliniambia. "Lakini uso ulikuwa kazi yako, na mimi sikuuona. Siwezi kuulipia."

Tulikuwa tumekubaliana pauni mia na ishirini. Alinihesabia hamsini, nikazipokea. Hasara: pauni sabini.