Chapchap na Laptop ya Mama Mkwe

Kwenye ile safu ya vibanda vya mafundi, Chapchap ndiye pekee anayekula amesimama. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na wateja, na analistahili. Ukimletea kompyuta inayogoma, kabla hujamaliza kueleza ishafunguliwa tumbo. Mkewe anasema hata usingizi anaulala mbio.

Siku hiyo mteja alikuwa mama mkwe wake, karani wa shule. Laptop yake ilikuwa inawaka kwa mbinde na kujizima ovyo. Ndani yake mlikuwa na mtihani wa kesho, aliouchapa mwenyewe. Karatasi walizoandika walimu kwa mkono zilishachomwa. Ndiyo utaratibu wao, mtihani usivuje. Kopi nyingine hakuna.

"Nakupigia windo upya, mama, nafuta mfumo wa zamani naweka mpya. Mtihani uko upande mwingine wa diski, siugusi."

"Una uhakika, baba?"

"Asilimia mia."

Hapo ndipo alipoboronga. Angeweza kwanza kuukopi kwenye flashi, mama mkwe akakaa nayo mwenyewe. Lakini kukopi kungemchelewesha, na Chapchap na kuchelewa hawapikiki chungu kimoja.

Kazi ikaanza vizuri, ikafika asilimia sitini na nne, ikakwama. Viduara vinazunguka, namba haisogei. Chapchap akatoka nje, akarudi. Akakaa, akainuka. Akachomoa mausi. Akachomoa waya wa printa, maana wakati mwingine vifaa vya pembeni ndivyo vinavyoikwamisha. Namba kimya.

"Imekufa?" mama mkwe akauliza.

"Haijafa, mama. Inafikiria."

"Mbona wewe ndiye unayetoka jasho?"

Fundi simu wa kibanda cha jirani akachungulia. "Chapchap! Leo umepata kiboko yako. Izime basi, si ndiyo dawa yako?"

"Wee, shika simu zako!"

Lakini kidole kilishafika kwenye kitufe. Ndivyo anavyofanya siku zote: ikigoma, zima, anza upya. Ingekuwa ya mtu baki angeshabonyeza. Ila kuzima katikati ya kazi, kwenye diski iliyochoka, ni kucheza kamari, na hapa kinachochezewa ni mtihani wa shule nzima na kibarua cha bibi wa wanawe. Akaurudisha mkono, akaubana kwapani. Mguu ukaanza kucheza wenyewe chini ya meza.

Kwa kukosa la kufanya, akaitazama taa ndogo ya diski. Inameta. Kivivu, lakini inameta. Kumbe mashine haijakwama, inajikokota tu. Kwa nini? Akapitisha kiganja chini yake, akaruka. Moto!

Kila mashine anayoifungua huilaza juu ya blanketi lililokunjwa, skrubu zisitawanyike. Hii aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akaanza kazi palepale bila kuitoa. Matundu ya feni yote yamezibwa, na mashine ikichemka hupunguza mwendo isijiunguze. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikaba pumzi.

Akaiinua taratibu kama mtoto aliyelala, mama mkwe akavuta blanketi, wakaitua juu ya vipande viwili vya mbao. Feni ikavuma.

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri."

"Wewe unajua kusubiri?"

"Sijui, mama."

"Haya, nishikie pochi. Mikono yote miwili."

Akaishika, amekaa kama anayesubiri kuchomwa sindano. Namba ikaruka: sitini na tano. Sitini na nane. Fundi simu akapiga kelele kama timu yake imefunga goli.

Mashine ilipowaka, Chapchap akakimbilia ule upande mwingine wa diski. Faili lipo. Akalifungua kuhakikisha, mama mkwe akaziba skrini kwa kiganja.

"Usisome! Geuka huko."

Akageukia ukuta. Nyuma yake anasikia kitufe kikibonyezwa, ukurasa baada ya ukurasa, polepole mno. Akataka kuuliza, akajizuia. Akauliza.

"Mama?"

"Ngoja!" Kitufe. Kitufe tena. Kisha pumzi ndefu. "Upo wote."

Chapchap akageuka, flashi tayari mkononi.

"Kabla ya kingine chochote, mama, tukopi."