Baba mkwe aliacha kutumia mouse ya wireless, kumbe shida ilikuwa tundu la chaji

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Kitangari, sijasimuliwa na mtu. Wataalamu wa kompyuta mtanicheka, chekeni tu, ila msome hadi mwisho.

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani. Naishi na baba mkwe, mwalimu mstaafu, mama mkwe alishatangulia mbele za haki. Mume wangu yuko Masasi kwenye ghala la korosho, anapanda huku mara moja kwa mwezi.

Mwaka juzi mzee alipata kiharusi. Tunamshukuru Mungu akili iko palepale, na mdomo ndiyo usiseme, ila mkono wa kulia umelala.

Mume wangu akamletea laptop na mouse ya wireless, ile ya kuchaji, ili aandike kitabu chake kwa mkono wa kushoto, maana ile sehemu ya kugusa ya laptop inamshinda. Kitabu chenyewe ni cha njia za maji. Zamani huku juu hakukuwa na bomba, akina bibi walikuwa wanashuka mabondeni na mitungi, na kila ukoo ulikuwa na njia yake. Wenzake waliozijua njia hizo wote wameondoka. Amebaki yeye.

Akaandika siku nne tano, vizuri kabisa. Halafu kimya.

Ukimuuliza anakwambia, "Panya wenu amelala, mwacheni apumzike."

Mume wangu akija anaichaji, inaenda siku chache imekwisha. Ile mouse ina taa za rangi rangi, inakula chaji balaa. Mwezi unaofuata anakuta vumbi.

Mwisho akachoka. Akanipigia simu, "Mama Neema, Jumamosi nakuja kuichukua laptop. Baba hana haja nayo, mimi kazini naihitaji."

Nikasema sawa. Na mimi niliamini mzee amekata tamaa.

Jumatano yake nilikuwa nafagia uwanja upande wa dirisha lake. Nikamwona amekaa kitandani, mouse ameibana katikati ya magoti, waya ameushika kwa mkono wa kushoto, anatafuta tundu. Anakosa. Anageuza waya, anakosa tena. Mouse ikamponyoka ikaanguka. Akainama kuiokota, taratibu sana, akaanza upya.

Sijui alikuwa ameanza saa ngapi. Mwisho akauweka waya mezani, akajifuta uso kwa shati.

Niliondoka na fagio langu kimyakimya. Roho iliniuma jamani.

Sasa mtasema, si ungeingia ukamchomekea? Ndugu zangu, huyo ni mkwe. Chumba chake siingii, hata chakula namwekea kwenye kigoda mlangoni. Halafu ni mwalimu, nusu ya watu wazima wa hapa amewafundisha yeye kushika kalamu. Aanze kumwita mke wa mwanawe amchomekee waya? Afadhali aseme panya amelala.

Alhamisi asubuhi nikasimama mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Naomba niazime hiyo mouse, kuna mteja wangu anataka kununua kama hiyo."

Uongo mtupu, Mungu anisamehe. Akaja kuiweka kwenye kigoda. Tundu liko kwa mbele, puani, na plastiki ya pembeni imechubuka yote. Huyu mtu alikuwa anajaribu kila siku, na sisi tunasema hana haja nayo. Niliona aibu.

Nikaifunga kwenye kanga, nikashuka Masasi.

Duka la kwanza wakataka kuniuzia mouse ya betri. Betri za kubadilisha, kwa mkono mmoja? Nikawashukuru nikatoka.

Duka la pili dada mmoja akanielewa. "Mama, chukua waya wa sumaku." Ni hivi: kuna kichwa kidogo unakichomeka kwenye mouse, kinabaki humo humo. Waya wenyewe ukiusogeza karibu unajinasa, huhitaji kulenga. Mimi nilikuwa sijui kama duniani kuna kitu hicho.

Kufika nyumbani, kichwa hakikai! Tundu limeingia ndani mno. Nikachukua tupa ya kucha nikaanza kukwangua plastiki. Hapo nilimwomba Mungu wakuu, maana nikiteleza nimeiua mouse, na keshokutwa laptop inaondoka. Nikakwangua kidogo kidogo mpaka kikaketi.

Ijumaa nikapitisha extension chini ya mlango, nikaweka mouse na waya kwenye kigoda.

"Baba, huo waya mpya unashika wenyewe."

Nikarudi kwenye cherehani. Nikasikia: tak. Kimya. Tak tena. Alikuwa anautoa na kuurudisha, anautoa na kuurudisha. Nilihesabu mpaka kumi na tatu nikaacha. Nililia palepale juu ya gauni la mteja.

Jumamosi mume wangu akafika na begi la laptop mkononi. Mimi nipo barazani, nasikia yote. Mzee anaandika.

"Begi la nini hilo?"

"Hapana baba, nimekuja kusalimia tu."

"Haya. Muulize mkeo, bibi yake mzaa mama alikuwa anachota bonde gani. Nimefika kwenye ukoo wao."

Mume wangu hajafungua mdomo, nimeshajibu kwa sauti kutoka nje. Nikataja bonde, nikataja na jina, Bibi Anastazia. Halafu nikasikia anabonyeza, herufi moja, herufi nyingine. Jina lile ni refu. Tukangoja wote mpaka likaisha.

Nilichojifunza: mzee akiacha kutumia kitu ulichompa, usikimbilie kusema hataki. Mwangalie anavyohangaika nacho, kuanzia kukichaji.

Wenye wazazi wa hali hii, nyie mmewafungia vifaa gani? Na wataalamu, niambieni kama sumaku inaweza kuidhuru mouse. Nitawasoma nikirudi kutoka kwa mama yangu. Mzee ameniagiza nikamuulize mama, Bibi Anastazia alikuwa anashuka na nani, anasema hakuna mwanamke aliyekuwa anashuka bondeni peke yake.