Nukta Nyekundu Juu ya Mstari

Fundi vioo yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Maisha yake yote alikata vioo na kuvitia kwenye madirisha ya watu huku akitania wapita njia na kugombana na futi yake mwenyewe. Siku binti yake mdogo alipomwambia kwamba naye ameajiriwa kutengeneza madirisha, ila ya kwenye kompyuta, mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dirisha gani hilo lisiloingiza hewa? Haya, mwanangu, angalau lako halikati mtu."

 Mama akajitia hamnazo, akainuka kutoa sahani mezani. Wote waliutazama mkono wa kushoto wa mzee, ambao kidole chake cha shahada hakikuwa na ncha. Ncha ile iliondoka siku kifungua mimba wake, waliyemwita Kiberiti kwa wepesi wake, alipoachia kioo kikubwa wakiwa ngazini, akili yake ikiwa kwenye kicheko na vijana wenzake waliokuwa chini. Baba, damu ikimchuruzika, akamwambia atoke, asirudi, na mtu asimtaje tena nyumbani kwake. Kiberiti akatoka. Hasira hasara, na mzee aliijua hasara yake vizuri sana, lakini kiburi jamani! Miaka ikapita, hakuna aliyethubutu kutonesha kidonda kile.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao ukaenda. Daktari akawaambia waziwazi: anasikia, anaelewa, ila kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, basi kama lipo la kuzungumza wasichelewe. Binti akamshika mama mkono pale pale kwenye korido.

"Mama, nitamtengenezea kitu cha kusemea."

Na kazi hiyo aliiweza. Ofisini walimtegemea kwa kupanga vitufe na mistari ya kutenganisha, kazi ambayo wengine huidharau. Yeye alishikilia kwamba mstari hausemi neno, lakini ndio unaomwonyesha mtu kipi kinakwenda na kipi. Akaleta kompyuta ya kugusa kwa kidole, akaiweka kando ya kitanda. Safu ya juu akapanga shida za mgonjwa: Maji, Chakula, Choo, Maumivu. Chini yake Ndiyo na Hapana. Kisha mstari mrefu wa kulala, na chini ya mstari watu, kila mmoja na picha yake: Mama, Binti, Jirani, na baina yao mistari ya kusimama. Mara ya kwanza ile mistari ilitokea vijinukta tu, kwa kuwa alisahau kuiamuru inyooke ijaze nafasi. Akajicheka, akarekebisha. Ukigusa kitufe, sauti ya binti inatamka. Na kwa kuwa mkono wa mzee ulitetemeka, kitufe kikishaguswa kililala kidogo kabla ya kukubali tena, kisije kikasema maji maji maji kama kasuku.

Mzee akajaribu. Maji yakaja, mama akalia kwa furaha. Lakini baada ya hapo kidole kikawa kinashuka kwenye safu ya watu na kugota kwenye mstari, katikati ya Mama na Binti. Mstari haujui kusema. Mzee anagusa, anamtazama binti, anagusa tena, anakunja uso.

"Ni kile kidole, hakina ncha, ndiyo maana anakosea," binti akamwambia mama.

Basi akavikuza vitufe. Watu wa kompyuta bwana! Mwambie kitu hakiendi, yeye atakimbilia kuongeza ukubwa. Akavikuza tena. Mzee akagusa mstari. Binti akausogeza mstari, na kidole kikaufuata. Mwisho mzee alipiga ngumi godoro, machozi yakamtoka, akageuza uso ukutani na kukataa hata maji. Binti akatoka nje akalia, maana aliona baba yake atakufa na neno lake kifuani.

Alipotulia akafanya ambalo angelifanya ofisini tangu mwanzo: akaiagiza programu iweke nukta nyekundu kila mahali kidole kinapogusa. Mama akambembeleza mzee ajaribu tena. Mkono unaotetemeka hutawanya nukta, ndivyo binti alivyotarajia. Lo! Nukta zote zilirundikana mahali pamoja, juu ya mstari ule ule. Mzee hakuwa akikosea hata kidogo.

"Mama, njoo uone."

Mama akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akakaa kitandani taratibu.

"Mimi nipo hapa, na wewe hapa," alisema. "Katikati yetu alizaliwa nani, mwanangu?"

Binti akaona aibu iliyomchoma. Akautoa ule mstari, akaweka kitufe, na mama akafukua picha ya zamani chini ya nguo. Sauti hakutaka iwe ya binti. Akalisema mwenyewe jina ambalo hakuwa amelitamka mbele ya mumewe tangu siku ya kioo. Mzee akagusa. Kompyuta ikasema, "Kiberiti." Akafumba macho, akashusha pumzi.

Wakampigia simu, na kesho yake akaja. Mvi zilishamwanza. Akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Shikamoo, baba."

Kitufe cha marahaba hakikuwepo. Mzee akagusa picha. "Kiberiti."

"Nimekuja, baba. Bado umenikasirikia?"

Kidole kikapanda, kikagusa Hapana. Kisha kikarudi kwenye picha, kikagusa tena na tena, lakini kitufe kilikuwa kimelala, kimya. Mzee akamtazama binti kwa kusihi.

"Anataka nini?" Kiberiti akauliza. "Si nipo hapa?"

"Hakuiti, kaka," binti akasema. "Anataka kulisema tu." Akavuta kibodi, akaondoa ule muda wa kulala.

Mzee akagusa, na kugusa, na kugusa. Kiberiti, Kiberiti, Kiberiti, ikasema sauti ya mama, na mwanawe akakaa sakafuni kando ya kitanda, akaushika ule mkono kwenye kiwiko usichoke, akaitika kila mara: "Naam, baba."