Mlango wa Kushoto, Ghorofa ya Tatu

Oddlaug alikuwa amelala nje ya kisiwa chake mara chache sana maishani, na kila mara alirudi akilalamikia magodoro ya watu. Pale Solund alizaliwa, pale aliwazika baba yake na mama yake, na pale alifuga wale kondoo wadogo wenye pembe wanaoishi nje mwaka mzima, inyeshe isinyeshe. Majirani walisema kondoo hao wamefanana naye: wembamba wa miguu, wagumu wa vichwa, na hawaguswi na mtu ila wapende wenyewe.

Aliyeondoka ni mdogo wake, Reidun. Aliolewa na Asbjørn, mchomelea vyuma katika karakana ya meli mjini Bergen, wakapata nyumba Fyllingsdalen wakati maghorofa ya bonde lile bado yananukia rangi na barabara zake ni matope matupu. Reidun alipiga simu kwa furaha: "Dada, huku maji ya moto yanatoka ukutani!"

"Na huku bahari inaingia dirishani," Oddlaug akamjibu. Wakati ule alikuwa ndiye anayemgeuza mama yao kitandani. Alisema mtu kukaa juu ya kichwa cha mwenzake, na mwingine juu yake tena, hayo si makazi, hizo ni rafu za duka.

Basi hakwenda. Reidun ndiye aliyekuja kila kiangazi na watoto wake. Kila alipomkaribisha dada yake mjini, jibu lilikuwa tayari: mara kondoo wanazaa, mara wananyolewa, mara wanachinjwa.

"Hao kondoo wako hawana hata wiki moja ya kupumzika?" Reidun alimuuliza siku moja, nusu utani.

Kisha Asbjørn akaugua, na zile safari za kiangazi zikakoma. Alipofariki, boti zilikuwa zimesimama kwa sababu ya dhoruba, Oddlaug asifike mazishini. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba aliposikia boti zimesimama alishusha pumzi. Tangu hapo dada hawa wawili wakawa watu wa kupigiana simu Krismasi na siku za kuzaliwa, wakiulizana hali ya hewa.

Ikaja Oktoba moja, Reidun akapiga simu siku isiyokuwa na sababu.

"Dada, nimo hospitali. Nimewekewa goti jipya la chuma. Alhamisi wananirudisha nyumbani, na sina wa kunisogezea hata kiti."

Katika maisha yao yote Reidun hakuwahi kumwomba kitu.

"Hiyo Alhamisi utakula nini?" akauliza hatimaye.

"Nitakula nini? Mkate."

"Alhamisi ni siku ya madonge ya viazi. Watu wazima hawali mkate Alhamisi. Nakuja kupika."

Reidun akaanza kumwelekeza kwa haraka, kama mtu anayeogopa mgeni asije akabadili nia. Ashuke kituo cha Oasen, apande kilima nyuma ya maduka, atafute jengo refu la kijivu, mlango wa pili wa ngazi, ghorofa ya tatu, kushoto. Jirani ataombwa auache mlango wazi.

Oddlaug akawaachia majirani kondoo wake. Akatia katika mfuko nyama ya kondoo ya chumvi, unga wa shayiri, na viazi vya shambani kwake, kwa maana viazi vya mjini aliamini ni maji yaliyovaa ganda. Akapanda boti ya kasi Alhamisi asubuhi, na mchana akawa Bergen, ndani ya treni ndogo ya mjini, mfuko mapajani. Treni ilipita chini kwa chini, ikasimama chini ya hospitali ile ile aliyolazwa mdogo wake. Akainua macho akatazama dari, kama vile angeweza kumwona. Kisha ikapenya mlima wa Løvstakken, ikatokea upande wa pili.

Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Oddlaug akapanda kilima, kichwa chini. Alipofika juu akakuta jengo refu la kijivu. Nyuma yake kulikuwa na jengo jingine refu la kijivu, na kando ya hilo jingine tena, lakini miwani yake ilikuwa imejaa maji na hakuyaona. Mlango wa pili wa ngazi, akausogelea. Mama mmoja kijana alikuwa anatoka na kigari cha mtoto, akauzuia mlango kwa mguu.

"Pita, mama, usije ukalowa bure."

"Nimekwisha kulowa, lakini ahsante."

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto ulikuwa wazi, kama alivyoambiwa. Akaita, hakuna aliyeitika. Akaingia.

Kitu cha kwanza alichokiona ni buti za mpira za mwanamume, zimepangwa vizuri kando ya mlango. Kwenye msumari juu yake imetundikwa kofia ya sufu, ya kiume pia. Oddlaug akasimama pale pale maji yakimchuruzika. Asbjørn alikuwa amekufa zamani. Na buti zake bado zinapakwa mafuta!

"Maskini mdogo wangu," akasema kwa sauti. "Hata kofia hajaiondoa."

Akalitundika koti lake mbali kidogo ili lisiilowanishe ile kofia.

Sebuleni ukuta mzima ulikuwa picha. Wasichana wawili wenye mapengo, kijana amesimama juu ya theluji, mtoto mchanga amefungwa kofia ya rangi ya samawati. Oddlaug akawatazama mmoja mmoja, akagundua kwamba hamjui hata mmoja. Wajukuu wa mdogo wake wa tumbo moja, naye angepishana nao barabarani asiwasalimie. Akazisogelea zile nyuso akitafuta pua ya mama yake na Reidun, pua ya ukoo, na kwa kuwa aliitafuta kwa moyo wake wote, akaiona. Aliiona hasa kwa yule msichana mdogo. Akaketi kwenye kiti, akalia kidogo, kisha akapenga kamasi, akaenda jikoni.

Jiko lilimtia huzuni ya namna nyingine. Visu butu. Kabatini makopo ya samaki na mikate mikavu. "Anaishi kama baharia," akanung'unika. Hata hivyo alipata sufuria kubwa nzuri, na kikwaruzo. Akainjika nyama, akamenya viazi, akavikuna, akavikamua, akachanganya na unga na chumvi, akafinyanga madonge makubwa kama ngumi, akayatumbukiza moja moja kwenye mchuzi. Nyumba ikajaa harufu ya Alhamisi.

Madonge yalikuwa yanaanza kuiva aliposikia mlango. Akageuka na mwiko mkononi, uso umekunjuka tayari kumpokea mdogo wake. Akaingia mbwa. Mbwa mwekundu, manyoya chapachapa, akaja moja kwa moja hadi jikoni na kusimamia miguu ya nyuma.

"Toka hapa! Mbwa wa nani wewe?"

"Wangu," ikasema sauti ya kiume kutoka mlangoni.

Alikuwa mzee mrefu, ndevu nyeupe, koti la mvua linadondoka. Walitazamana.

"Na wewe ni nani," Oddlaug akauliza, "unayeingia nyumba za watu bila hodi?"

"Za watu?" Mzee akavua koti polepole bila kuondoa macho kwake. "Mama, hiyo sufuria uliyoinjika ni ya marehemu mke wangu. Mimi nimekwenda kumtembeza mbwa tu. Sikufunga mlango, kwa sababu nilidhani wezi huja kuchukua. Sikujua siku hizi wanakuja kupika."

"Hapa ni kwa Reidun!"

"Reidun yupi? Yule wa maua? Yule anayemtukana Knask wangu kila asubuhi?"

"Simjui Knask."

"Knask ndiye huyo anayekulamba kiganja."

Oddlaug akatazama chini. Kweli, mbwa alikuwa amemaliza unga wote wa kwenye vidole vyake.

"Reidun ni jengo la nyuma," mzee akasema, sasa anacheka. "Mlango wa pili, ghorofa ya tatu, kushoto. Umekosea jengo tu, mengine yote umepatia. Mimi naitwa Torgils."

Oddlaug akaketi kwenye kiti cha jikoni. Kukosea mlango hakukumsumbua sana. Kulikuwa na jambo jingine, akalisema kabla hajajizuia.

"Yule msichana kwenye picha. Mdogo. Niliona ana pua ya mama yangu."

"Hiyo pua?" Torgils akachungulia sebuleni. "Hiyo ni ya Gunnvor, mke wangu. Ilimpa taabu maisha yake yote, na sasa anayo mjukuu."

Oddlaug akacheka, na katikati ya kicheko akajikuta anamweleza mtu asiyemjua mambo ambayo hakuwahi kuyasema: kondoo, boti zilizosimama, mazishi ya Asbjørn, wajukuu wa mdogo wake asiowajua. Torgils alisikiliza huku akimkausha mbwa kwa taulo.

"Mimi nina kaka mjini Odda," akasema. "Hatujaonana miaka nenda miaka rudi. Odda, mama, wala si Marekani. Basi linakwenda kila siku."

"Mligombana?"

"Hapana. Tungegombana ingekuwa afadhali, ningekuwa na sababu."

Sufuria ikatokota.

"Haya, simama," akasema Torgils. "Mwenye Alhamisi yake anangoja. Mimi nitabeba sufuria, wewe niongoze. Au hapana, acha mimi niongoze."

Wakatoka hivyo, Torgils na sufuria ya moto iliyofungwa mataulo, Oddlaug na mwavuli juu ya mfuniko badala ya juu ya vichwa vyao, Knask nyuma akifuata mvuke. Walipofika katikati ya magari yaliyoegeshwa, sauti ikapasuka kutoka juu.

"Oddlaug! Unakwenda wapi na huyo mwanamume?"

Reidun alikuwa amesimama kwenye roshani yake kwa magongo mawili, nywele zimemsimama. Alikuwa amefika, akakuta mlango wazi, nyumba baridi, dada hayupo, na kwa muda wote huo alikuwa anawaza ameanguka mtaroni.

"Naleta chakula!" Oddlaug akaita.

"Umekaa maisha mazima hujanitembelea, na siku umekuja umeanza kwa Torgils!"

"Ndiye aliyekuwa na sufuria kubwa!"

Watu wawili watatu wakafungua madirisha. Mmoja akapiga makofi. Reidun akaanza kucheka hadi ikambidi ashike ukuta, maana goti jipya lilikuwa halijazoea vichekesho.

Walipokutana mlangoni hawakukumbatiana mara moja. Walisimama wakitazamana, vizee viwili, mmoja kwa magongo na mwingine kwa mwavuli. Kisha Oddlaug akamshika mdogo wake shavu kwa mkono ulionuka viazi.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umekauka. Ingia, dada."

Nyumba ilikuwa ile ile aliyotoka, vyumba vile vile, dirisha lile lile, isipokuwa hapa maua yalikuwa kila mahali. Ukutani kulikuwa na picha, na safari hii Oddlaug hakutafuta pua ya mtu. "Hebu nitajie," akasema. "Polepole. Mmoja mmoja." Reidun akamtajia kwa ncha ya gongo, hadi akafika picha ya zamani, imefifia: msichana mwembamba amemkaba kondoo dume kwa pembe zote mbili, amenuna.

"Huyu najua hujamsahau."

"Imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu tulipohamia. Watoto walimwita mama mkubwa wa kondoo. Kila wakikataa kula niliwaambia atakuja kuwachukua."

Oddlaug akaenda kupakua chakula.

Torgils alitaka kuaga, lakini Reidun akamwambia kama mbwa wake ataahidi kuheshimu mizizi ya waridi zake, anaweza kukaa. Torgils akaahidi kwa niaba ya mbwa. Alikula madonge matatu, akaongeza la nne, kisha akasema tangu Gunnvor afariki hakuwahi kula Alhamisi iliyo Alhamisi. Reidun naye akasema madonge yana chumvi kidogo mno. Oddlaug akasema ni hospitali iliyomharibu ulimi. Wakabishana hadi kahawa ikapoa, na hakuna aliyetaka kushinda.

Alikuwa amekuja kwa wiki moja. Ikawa mbili, ikawa mwezi. Alilalamikia godoro, kama ilivyotarajiwa, ila alilala hadi saa za watu wavivu. Siku ya msaragambo wakazi wote walipotoka kukusanya majani makavu, alichukua reki akawapanga watu kana kwamba amezaliwa pale, na yule mama wa kigari akamwita jikoni kwake kula keki za chuma, zile zinazookwa kati ya vyuma viwili vya moto. Wajukuu wa Reidun walikuja Jumapili moja. Yule mkubwa alimtazama kwa mashaka kwanza, kisha akauliza kama ni kweli huwa anachukua watoto.

"Wanaokula vizuri tu," Oddlaug akamjibu. "Hao wengine hawana nyama."

Mwisho wa Novemba mvua ikakatika, baridi kali ikaingia. Asubuhi moja yenye jua, dada hao wawili walishuka hadi ziwa la Ortu, Reidun kwa gongo moja sasa, Torgils na Knask mbele yao. Ziwa lilikuwa limeganda usiku huo, barafu nyembamba nyeusi, bado haijakanyagwa hata na ndege. Reidun akaokota kijiwe, akakirusha. Kikaruka juu ya barafu, na barafu ikaimba, sauti nyembamba ndefu iliyokwenda hadi ng'ambo na kurudi.

"Unakumbuka kisiwani, tulipokuwa wadogo?" akauliza.

Oddlaug alikuwa amekwisha kuinama kutafuta chake. Akarusha, kikaimba kwa mbali kuliko cha mwenzake.

"Umeegemea gongo, ndiyo maana," akasema.

"Basi nishike mkono, uone."

Wakarusha mpaka ukingo ule ukaisha vijiwe na vidole vyao vikawa vyekundu, Torgils akiwaita mara kwa mara twendeni jamani kahawa inapoa, na wao wakimwambia tunakuja, tunakuja, bado kimoja.